Kinga ya Kinga

Sijaona tena mtu anayejaribu baiskeli kwa kuitia kichwani. Wengine huipanda, hukanyaga pedali, huminya breki, huzunguka uwanjani na kurudi wakitabasamu. Mzalishaji wa Nzahaha, mkunga wetu, hakupanda hata moja. Alikunja kitenge kikawa ngata, akakiweka utosini, akainama, na mbele ya wanaume wote wa karakana ya Kamembe akainyanyua baiskeli ya kwanza. Akaituliza kichwani kama watu wanavyotuliza mkungu wa ndizi, akatembea nayo mpaka kwenye mfereji, akauruka mfereji, akarudi.

"Hii iko muzito," akasema. "Lete ingine."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Huku kwetu, kama ng'ambo Bukavu, baiskeli tunaiita kinga, na fundi mwenye karakana, Mwislamu wa Kamembe aliyependa maneno kuliko bisibisi, akamwambia: "Maman, kinga ni ya kupanda. Ya kubeba kichwani ni maharagwe!"

"Papa Fundi, weye unakaa ku lami. Kwetu Nzahaha, nusu ya njia kinga inakubeba. Nusu ingine, weye njo unaibeba."

Fundi akaenda kumletea ya pili.

Tulimwita Maman Mzalishaji, nami nitamwita hivyo. Jina lake la ubatizo lilijulikana kwa padri na kwa kituo cha afya, basi. Yeye na mimi tulikuwa watu waliorudi: tulilelewa Kongo, tukavuka baada ya ule mwaka mbaya wa mauaji, tukaja kuishi katika nchi tuliyoimbiwa utotoni kuwa ni yetu. Mimi nilikuwa nikibeba biashara ndogo kwa baiskeli kati ya Kamembe na mpaka wa Ruhwa: chumvi, sabuni, vitambaa. Sikukaa mahali. Aliniita Musafiri, na hakulisema jina hilo kwa kunisifu.

Alikuwa mnene wa mabega, mwembamba wa miguu, na alitembea kama mtu aliyeitwa. Aliendesha baiskeli akiwa amevaa suruali ya mwanaume chini ya kitenge. Zama zile mwanamke juu ya baiskeli vilimani kwetu alikuwa kichekesho, na wazee wengine walimwona kuwa zaidi ya kichekesho. Mmoja alimwambia barabarani, "Maman, utaharibu uzazi." Akajibu bila kushuka: "Uzazi ya nani, Mzee? Yangu nilisha­maliza. Niko nafuata ya muke wa mutoto yako." Kweli alikuwa akielekea huko.

Sababu ya kuja karakana siku ile sote tuliijua, ingawa hakuitaja. Baiskeli aliyokuja nayo kutoka Bukavu ilichukuliwa njiani wakati wa kuvuka. Ilikuwa mpya, ya bluu, yenye kengele inayong'aa. Watu waliitazama kabla hawajamtazama yeye. Tangu hapo alitembea kwa miguu kilima hadi kilima. Ndipo siku moja akachelewa. Mwanamke mmoja ng'ambo ya kijito kule Nzahaha alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mzalishaji alipofika, jua lilikuwa limekwisha pinda na mama yule alikuwa amekwisha kufa, na mtoto pia. Hakulisema jina lake kamwe. Alisema tu "ule mama wa ku mto." Baada ya mazishi aliuza cherehani yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, akaniambia, "Musafiri, weye unajua kinga. Tuende Kamembe. Ni moja tu, hakuna ya pili. Kama nikikosea, nimekosea."

Kwetu vitu vilivyokwisha tumika Ulaya vinaitwa chaguwa. Nguo chaguwa, viatu chaguwa, baiskeli chaguwa. Neno lenyewe ni kuchagua, na sijui ni nani aliyelipeleka huko; labda muuza nguo wa kwanza, aliyemwaga furushi chini na kupiga kelele, "Chagua! Chagua!" Mzalishaji alilipenda neno hilo na kulichukia. "Bazungu banachaguaka ya kwanza," alisema. "Siye tunachagua mu ile balichoka nayo." Lakini siku ya karakana hakuna mtu niliyewahi kumwona akichagua kwa haki kuliko yeye, kana kwamba vyuma vyote vya dunia vilikuwa vimepangwa mbele yake.

Kila mtu pale alikuwa na dini yake. Fundi alikuwa mtu wa pinebalo, ile baiskeli kubwa nyeusi isiyo na gia, yenye fremu ndefu na keria pana, inayobeba magunia ya mkaa bila kulalamika. "Wallahi, Maman, hii itazika siye bote." Mimi nilikuwa mtu wa vitesi, yaani gia, mtu wa baiskeli ya mlima, na nilimwonyesha moja kama yangu, ya rangi ya fedha, yenye springi mbele, tairi pana, kila kitu kinang'aa.

"Pinebalo inabeba," nikasema, "lakini haipandi mulima. Utaisukuma mpaka mutoto anazaliwa, anabatizwa."

"Na yako inapanda mulima," fundi akanirudishia, "lakini mama wa mimba utamukalisha wapi? Ku springi?"

Vicheko vikaanza upya. Mzalishaji hakucheka. Swali lile lilikuwa ndilo lenyewe. Alihitaji kitu cha kumpandisha haraka kwa mwenye uchungu, na kitu hicho hicho kiweze kumteremsha mwenye uchungu hadi kituo cha afya kama mambo yakiharibika. Kimoja tu kwa vyote viwili, na mtoni kikae juu ya kichwa cha mwanamke.

Aliinyanyua pinebalo, akafika nusu ya uwanja, akaiweka chini. Akainyanyua yangu yenye springi, nami nikashangaa kumwona akikunja uso, maana machoni ilionekana nyepesi. "Hizi springi ni mawe," akasema. Ndipo akaona, nyuma ya lundo la tairi, baiskeli ya mlima isiyo na springi, tandiko limepasuka, gia zinafanya kazi. Akaitia kichwani, akaruka mfereji, akarudi akiwa anahema sawasawa.

"Hii haina keria," nikamwambia.

Fundi aliigonga fremu kwa spana, akasikiliza. "Ni chuma kabisa, haiko ile aluminiyo. Ya chuma ninaweza kuchomelea keria ya pinebalo. Ile ya Musafiri, ukiichomelea, inayeyuka kama siagi."

"Basi," akasema Mzalishaji. "Iwekee keria. Uondoe na hizi vitesi za kukimbia, miye sikimbizanake na muntu. Uniachie za kupanda."

Keria ilipokwisha kuchomelewa alifanya jambo lililotuuma sote. Aliomba mipira ya ndani ya tairi, ile iliyokufa, akaikata vipande virefu, akaanza kuizungusha kwenye fremu kama bandeji. Alizungusha chuma chote, uma, usukani, mpaka baiskeli ikawa nyeusi, yenye mabonge, kama kitu kilichookolewa motoni.

"Maman, unafunga maiti sanda?" fundi akauliza.

"Kitu kizuri kinaita bantu," akasema, na akavuta fundo kwa meno.

*

Kuhusu kazi yake nitasema machache, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa ndani nami nilijua tu kilichosikika mlangoni. Alikuwa mkali kwa wenye uchungu na mpole kwa waume zao, kinyume cha nilivyotarajia. Mke akilia, alimwambia, "Lia, lakini sukuma." Mume akisimama uani akitetemeka, alimpa kuni za kupasua hata kama zilikuwa zimepasuliwa. Maneno yake aliyapenda mafupi. Ukimwambia mvua inakuja, au barabara imefungwa, au chai iko tayari, alijibu, "Mutoto hangojake," akapanda na kwenda.

Aliwakataza wajawazito pombe kwa sauti ya kuhani, na Jumapili baada ya misa ungemkuta nyuma ya nyumba ya jirani na mrija wake, akinyonya pombe ya ndizi huku macho yamefumbwa. Aliwagombeza vijana waliotukana, lakini katika ule mpando wa mwisho wa kwenda kwake alitukana kwa Kimashi, lugha ya vilima vya Bukavu, kutoka bondeni hadi juu, kwa utaratibu, kana kwamba ni rozari. Nilimwuliza kwa nini Kimashi. "Mungu wa huku hajakijua bado."

Alihofu mbwa tu. Mbwa alimfanya apige kelele kama msichana. Na hapo ndipo lilipo kosa lake ambalo hakuna aliyeweza kulirekebisha: mnyororo wa baiskeli aliupaka mawese. Mafuta ya mashine aliyaona ni sumu kwa mikono inayopokea watoto. Mawese, alisema, yanaliwa, basi hayadhuru. Kwa hiyo mnyororo wake ulinuka kama sufuria ya sombe, ile mboga ya kisamvu, na kila mbwa kutoka Kamembe hadi Nzahaha alimfuata. Fundi alimwambia waziwazi: "Maman, banakufuata ju unapita na chakula." Alikataa kuamini. Alisema mbwa wa nchi hii wana ubaguzi dhidi ya waliotoka Kongo.

Kisa alichopenda kuliko vyote kilihusu neno. Alikuja mwuguzi mmoja kutoka pwani ya Tanzania kuchanja watoto, akisema Kiswahili cha vitabu. Akamwuliza mama mmoja aliyekuja na kichanga: "Mama, mtoto huyu ana kinga?" Yule mama akashangaa. "Kinga? Bado ni mudogo. Kinga ni ya baba yake, iko kwa fundi." Mwuguzi akauliza kwa upole kwa nini kinga ya baba iko kwa fundi. "Ilipasuka mupira." Hapo Mzalishaji alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, nami sikuwahi kumsikia akisimulia kisa hicho bila kufika mwisho akiwa ameishiwa pumzi. Fundi, aliyesoma madrasa, ndiye aliyetufafanulia kwamba katika Kiswahili cha kule kinga ni kitu kinachokukinga: ngao, chanjo, dua.

Alikuwa na kwao kuwili, na hakukubali kuchagua. Akiwa Nzahaha alisema "kwetu Bukavu". Kila alipovuka kwenda kununua dawa, alisema "kwetu Nzahaha". Juu ya kilima chake ungeweza kuona mto Rusizi chini, na ng'ambo yake Kongo yenyewe. Vita vilipoanza kule, na viliposimama, na vilipoanza tena, tulivisikia kabla ya redio. Alikaa mlangoni akimenya maharagwe, na kila mlio ulipokuja mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Alikuwa na dada yake upande ule. Sikumwuliza juu yake, kwa sababu niliona jinsi mikono ilivyosimama.

*

Siku ya wenye bunduki ilikuwa mchana mweupe. Nilikuwa natoka Ruhwa na sabuni. Yeye alikuwa anapanda kwenda kwa mwenye uchungu, ameitwa na mama mkwe wa mwanamke huyo. Tulikutana njiani tukaenda pamoja, mimi mbele na baiskeli yangu ya fedha, yeye nyuma akitukana Kimashi. Vijana wakatoka kwenye mtama. Sikuuliza ni wa nani. Siku zile kuuliza kulikuwa kosa. Walichukua sabuni, wakachukua baiskeli yangu, na aliyeichukua akaizungusha pale pale akibonyeza springi kama mtoto. Mwingine akaishika ya Mzalishaji. Akaitazama mipira myeusi, vumbi, mabonge. Akainusa.

"Maman, hii kinga ilikufa lini?"

"Haijakufa. Iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini?"

"Ya uzee, kama miye."

Wakacheka. Yule kijana akaiachilia kwa vidole viwili, kama mtu anayeweka chini panya. "Peleka hospitali," akasema, na wakaondoka na yangu ikimeta katikati ya mtama.

Baada ya kona Mzalishaji alisimama. Nilidhani atakaa chini alie, nami ningekaa naye. Akavuta pumzi. "Musafiri, mutoto hangojake. Kimbia nyuma yangu."

Nilikimbia. Tulipofika kwenye kijito, gogo la kuvukia lilikuwa limechukuliwa na mvua. Alikunja kitenge, akaitia baiskeli kichwani, akaingia majini hadi mapajani, mkono mmoja juu, mwingine ukishika suruali, akavuka. Nyumba ile ilikuwa karibu na nyumba ya ule mama wa ku mto. Nilitambua hilo nilipoona jinsi alivyoipita bila kugeuza shingo.

Ndani hakukaa sana. Alitoka akaniambia mtoto amelala vibaya, lazima washuke. Tulitandika mkeka juu ya keria, mama akakaa ubavu, mumewe akishika mgongo, Mzalishaji kwenye usukani, mimi nyuma nikivuta keria isikimbie mteremkoni. Mtoni mume alimbeba mkewe mgongoni na baiskeli ikarudi kichwani. Ng'ambo tukampandisha tena. Penye tambarare aliendesha kweli, gia ikilia, mwanamke akimshika kiuno, na kila mbwa wa kilimani alitusindikiza. Mara hiyo Mzalishaji hakupiga kelele. Nadhani hakuwasikia.

Tulifika kituo cha afya. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake alirudi nyumbani kwa miguu yake, akauvuka mto ule ule.

Nilipompelekea fundi habari hizo aliacha kazi, akakaa juu ya tairi. Nilimweleza juu ya yule kijana aliyenusa, na mipira, na yangu ilivyokwenda. Alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma aya:

"Ubaya njo kinga ya kinga."

Maneno hayo yalimfikia Mzalishaji kabla ya jua kuzama. Aliyapenda kuliko kisa cha mwuguzi, na tangu hapo kila mpira ulipolegea alienda karakana kuomba mwingine.

*

Mimi niliondoka. Bila baiskeli sikuwa na kazi, na bila kazi miguu yangu huwasha. Niliishi Bujumbura, kisha Kigoma, kisha nikarudi Uvira, na kila mahali niliwaza Kamembe, na kila nilipopita Kamembe niliwaza kwingine. Baiskeli nimemiliki nyingi tangu wakati ule. Siwezi kukumbuka hata moja vizuri.

Mara ya mwisho kumwona, redio ilikuwa imetangaza kwamba wakubwa wa ng'ambo wameweka saini ya amani. Nilimkuta kwa fundi, asubuhi, wameketi juu ya benchi moja kama mume na mke waliochoka kugombana. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kituo cha afya kilikuwa kimeleta mzalishaji mpya, binti mrefu mwenye viatu safi, na Mzalishaji alikuwa amekuja kumkabidhi baiskeli.

"Musafiri!" akaita. "Bado hujafika?"

"Bado, Maman."

Binti aliizunguka baiskeli, akaigusa mipira kwa kucha. "Maman, hii nyeusi yote tutoe. Tupake rangi."

"Rangi iko nayo."

"Rangi gani?"

Hapo tukatazamana. Fundi akasema kijani, akaapa. Mimi nilikuwa na hakika ni bluu. Mzalishaji alifikiri, midomo ikisogea. "Nilisahau," akasema. "Muangalie."

Fundi alinipa wembe. Nilikata mpira chini ya tandiko, tabaka la juu, la kati, la chini lililoganda, nikaubandua kiasi cha kiganja. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu mbichi, kama pilipili, bila mkwaruzo, kama siku ilipotoka kiwandani Ulaya. Binti alipiga makofi. Mzalishaji aliinama, akalaza kidole pale, akakiacha.

Kitu kililia ng'ambo ya mto. Inawezekana lilikuwa tairi la lori. Kidole chake kilisimama. Tulisikiliza, hakikulia tena.

"Funga," akasema.

"Maman," nikamwambia, "redio imesema vita imeisha."

"Redio haipandake kinga. Funga, Musafiri."

Nilichukua mpira mpya, nikazungusha, nikakaza fundo kwa meno kama nilivyomwona akifanya. Mzalishaji alimshika binti mkono. "Batakucheka," akamwambia. "Bacheke. Weye ufike."

Kesho yake nilipanda basi la kwenda Ruhwa. Kwenye mpando wa Nzahaha tulimpita binti yule, amesimama juu ya pedali, kitenge kimefungwa juu ya suruali, mbwa wawili nyuma yake. Dirisha langu lilikuwa wazi. Chini ya tandiko, kati ya mpira na mpira, palionekana wekundu, upana wa kidole. Labda ni mimi niliyefunga vibaya. Labda yeye, alipobaki peke yake barabarani, aliuvuta mpira kidogo. Nilitoa kichwa nje niangalie vizuri, lakini basi lilikwisha pinda kona.